Shamba la mjane hupotelea wapi, na kikundi cha wanawake kijijini kinawezaje kuliokoa

Ukisoma sheria za ardhi za Tanzania bila kufika kijijini, utadhani suala la mwanamke na ardhi lilimalizika mwaka 1999. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka huo, inasema mwanamke mtu mzima ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Kifungu cha 20 kinakwenda mbali zaidi: mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu nafasi halali ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Maneno hayo hayana utata. Pamoja na hayo, mjane bado anafungishwa virago miezi michache baada ya maziko, na binti bado anaambiwa yeye ni wa kuolewa, shamba la nini.

Fundo la kwanza liko ndani ya sheria zenyewe. Ardhi ina sheria yake na mirathi ina yake. Mirathi ya kimila inaongozwa na Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, ambalo linasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Binti naye, kwa kanuni hizo, hutumia ardhi ya ukoo lakini haruhusiwi kuiuza, isipokuwa ukoo ukikosa mwanamume. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, kupitia Jaji Mwalusanya, ilimpa ushindi mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi, ikasema haki zake ni sawa na za mwanamume. Lakini mwaka 2006, wajane wawili walipopinga kanuni za urithi zenyewe, Mahakama Kuu ilikubali kwamba zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta. Kesi ilipoishia nchini, wajane hao walikwenda hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 Kamati ikawapa haki.

Fundo la pili ni kubwa zaidi, na ndilo linaloweza kufunguliwa na watu wa kawaida. Ardhi ya mwanamke kwa kawaida haipotei mahakamani. Inapotea mapema: siku ya kupima shamba, siku ya kikao cha ukoo, siku ya kuandika orodha ya mali za marehemu. Kila moja ya siku hizo inaacha karatasi iliyosainiwa na watu waliokuwapo. Kesi ikifika mahakamani miaka mitatu baadaye, hakimu anasoma karatasi hiyo. Kazi ya kikundi ni kuwapo siku hiyo.

Anzeni na kikundi kilichopo

Vijiji vingi tayari vina VICOBA au kikundi cha kuweka na kukopa: watu 15 hadi 30, wanakutana kila wiki, wana sanduku la kufuli tatu na mfuko wa jamii wa kusaidiana. Kuunda kikundi kipya cha "haki za wanawake" mara nyingi ni kosa. Kinatajwa kwa jina baya kabla hakijafanya lolote, na kinakufa mradi uliokianzisha ukiisha. Kikundi cha akiba kina sababu yake ya kukutana, kina nidhamu ya kuandika, na wanaume wamekizoea.

Kinachoongezwa ni kidogo. Kwanza, dakika ishirini za ardhi katika kila kikao. Pili, kaunta buku moja ambayo si ya hesabu: humo huandikwa tarehe za mikutano ya kijiji, misiba iliyotokea na nani amebaki, nani yumo katika mabaraza, na mashamba ya wanakikundi yamepakana na ya nani. Tatu, uamuzi kwamba sehemu ya mfuko wa jamii itagharamia nauli ya kwenda Mahakama ya Mwanzo, fotokopi na picha za pasipoti. Wajane wengi huacha kufuatilia kwa sababu ya nauli tu, hasa mahakama ikiwa mji wa pili na shauri likiahirishwa mara nne.

Wawili au watatu wapelekwe kusomea usaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi hao, na huduma yao ni ya bure. Hawasimami mahakamani kama mawakili. Wanaeleza sheria, wanasaidia kuandaa nyaraka, wanapatanisha na kumwelekeza mtu mahali sahihi. Msaidizi akianza kupokea "ya soda" kwa kila fomu, mwondoeni mapema. Siku akipokea kutoka kwa shemeji wa mjane, kikundi kimekwisha.

Viti vya wanawake si mapambo

Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na robo yao angalau wawe wanawake. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na 3 ni wanawake kwa lazima. Kamati ya uhakiki wa ardhi, ile inayothibitisha mipaka na wamiliki wa mashamba, haizidi watu 9, na wanawake wasipungue 4. Mahali pengi viti hivi vinajazwa dakika ya mwisho, kwa kumtaja mama yeyote aliyekaa mbele. Anaingia bila kujua kazi yake, anasaini muhtasari asiousoma, na uamuzi unapata muhuri wa "wanawake walikuwapo".

Wajumbe wa Baraza la Ardhi hupendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuthibitishwa na mkutano mkuu, ambao ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi na hupaswa kufanyika kila miezi mitatu. Kikundi kinatakiwa kiwe na majina yake matatu mwezi mmoja kabla. Chagueni anayesoma vizuri, asiye na deni kwa mwenyekiti, na anayeweza kusema "sijaelewa, rudia" mbele ya wazee. Sifa hiyo ya tatu inazidi elimu. Kisha mwoneni mtendaji wa kijiji ili suala liingizwe kwenye ajenda kwa maandishi. Jambo lililoachiwa "mengineyo" hujadiliwa jua likizama, wanawake wakiwa wamerudi kupika na kufunga mifugo, na wanaobaki ndio wanaoamua. Muhtasari nao uombwe usomwe kabla ya kufungwa kikao. Majina ya waliopinga yasipoandikwa, kesho itasemwa wote waliafiki.

Siku ya uhakiki

Kijiji chenye cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi kinaweza kutoa Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Kamati ya uhakiki inatembea shamba kwa shamba pamoja na mwenye shamba na majirani wa pande zote. Mipaka inaonyeshwa, alama zinachukuliwa kwa kifaa cha kupimia, majina yanaandikwa, majirani wanasaini. Halafu majina na ramani hubandikwa hadharani ili mwenye pingamizi aseme. Baadaye hati husainiwa na mwombaji, mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, na kusajiliwa na Afisa Ardhi wa wilaya.

Kinachoharibika hapa ni vitu vidogo sana. Timu inapita asubuhi, mke yuko kisimani au sokoni, mume anaulizwa jina la mmiliki na anataja lake. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mali iliyoandikwa jina la mwanandoa mmoja huchukuliwa kuwa yake mpaka ithibitike vinginevyo, na iliyoandikwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa yao kwa usawa. Jina lisipoingia asubuhi hiyo, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia mwanamke maisha yake yote. Kwa hiyo kikundi kipate ratiba ya timu kitongoji kwa kitongoji, na siku hiyo wanawake wabaki nyumbani hata kama ni siku ya gulio.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa au kadi ya mpiga kura. Daftari lililoandikwa "Mama Neema" halimtambui mtu yeyote mbele ya sheria. Kama vitambulisho vinatofautiana, hati ya kiapo ya majina itengenezwe mapema, si siku ya kesi.

Halafu kuna swali ambalo karibu hakuna anayelifafanua: aina ya umiliki. Wawili wanaweza kumiliki kwa namna ambayo mmoja akifa, shamba lote linabaki kwa mwenzake. Au kwa mafungu, ambapo fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi na la aliyebaki halimo. Mwandikaji wa fomu aulizwe waziwazi ni ipi anaandika. Kwa wanandoa wa ndoa ya mke mmoja, ya kwanza humlinda mjane vizuri zaidi. Kwa nyumba yenye wake wawili au watatu, njia salama ni kila mke kupata hati ya shamba analolima na nyumba anayoishi, pamoja na mume au peke yake. Kuwaandika wote katika hati moja ni kuwarithisha watoto ugomvi.

Wasichana wasisahaulike. Mzazi aliye hai anaweza kumgawia binti yake kipande na kikapimwa kwa jina la binti. Zawadi ya mzazi aliye hai haina mgogoro kama urithi. Kilimanjaro, ambako kihamba (shamba la ukoo) kinapakana kwa masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, ni busara binti apandiwe masale yake baba akiwa bado anaweza kusimama na kuonyesha mpaka.

Je, waume wanakubali? Wengi wanakubali wakiulizwa vizuri na kukiwa na faida ya wazi. Dar es Salaam, watafiti waliwahi kutoa punguzo la ada ya hati kwa kaya za makazi yasiyopangwa, wakaweka sharti kwamba jina la mke liandikwe. Karibu kaya zote zilizopata punguzo la namna hiyo na kuomba hati zilimwandika. Mara nyingi basi kinachozuia ni kwamba hakuna aliyeuliza. Wazee wa mtaa na viongozi wa dini waambiwe kabla ya timu kufika, na hoja inayoeleweka haraka ni ile ya baba mwenyewe: binti yako aliyeolewa kijiji cha jirani, ungependa aandikwe au asiandikwe?

Msiba unapotokea

Hapa ndipo pa kukaa kwa makini.

Siku ya kuanua tanga wazee wa ukoo hukaa. Wanazungumzia madeni, watoto, na nani atasimamia mali. Mjane amechoka, kama ni Mwislamu yuko eda ya miezi minne na siku kumi, na mara nyingi anaitwa mwishoni kuambiwa kilichoamuliwa. Kikao kinaandika muhtasari. Mahakama za Mwanzo kwa kawaida huuliza muhtasari huo pale mtu anapoomba usimamizi wa mirathi, na ndiyo maana karatasi ile ina nguvu kuliko inavyoonekana. Lakini kikao cha ukoo kinapendekeza tu. Anayemteua msimamizi ni mahakama. Mjane anaweza kuomba usimamizi mwenyewe, anaweza kupinga aliyependekezwa, na anaweza kuomba wateuliwe wawili.

Kikundi kipeleke watu wawili au watatu kwenye kikao hicho, tena wale walioshiriki kupika na kulaza matanga, ili wasionekane wageni. Hawaendi kubishana. Mmoja anaandika: tarehe, waliokuwapo, mali zilizotajwa, maneno ya mjane. Mwingine anahakikisha jina la mjane na watoto wote, pamoja na wa kike walioolewa, yanaandikwa kwenye orodha ya warithi. Mjane akiletewa karatasi, asisaini siku hiyo. Neno la kusema ni rahisi na halina ukali: "Nipeni nisomewe na mwanangu, nitaleta kesho."

Kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, cheti kipatikane RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo) au ofisi ya mkuu wa wilaya. Cheti halisi cha kifo kisikae kwa shemeji. Vivyo hivyo cheti cha ndoa, hati ya shamba na kadi ya benki. Mpigieni picha za simu kila karatasi wiki ya kwanza, kwa sababu makabati huhamishwa.

Maombi ya mirathi ya kimila au ya Kiislamu hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Kama maisha ya marehemu hayakuwa ya kimila wala ya Kiislamu, au aliacha wosia unaoonyesha hivyo, shauri linakwenda Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Tofauti hii huamua shamba. Kwa sheria ya serikali iliyorithiwa kutoka India ya mwaka 1865, mjane mwenye watoto hupata theluthi moja na watoto theluthi mbili. Kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto hupata thumni, asiye na watoto robo, na wake wakiwa wengi wanagawana fungu hilohilo. Kwa mila, mmeshaona. Mjane anayetaka sheria isiyo ya kimila itumike anahitaji ushahidi wa jinsi walivyoishi: ndoa ilifungwa wapi, walikuwa mbali na ukoo miaka mingapi, marehemu aliandika nini.

Wosia ungeokoa mengi, na vikundi vingehimiza wanaume kuuandika wakiwa wazima. Wosia wa mdomo wa kimila unahitaji mashahidi wasiopungua 4, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wa maandishi, kwa anayejua kusoma na kuandika, unahitaji wasiopungua 2, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Wosia huweza kuanguka mashahidi wote wakiwa watoto wa mke mmoja.

Msimamizi akishateuliwa, watu hudhani kazi imeisha, na hapo ndipo shamba linapouzwa. Kanuni za Mahakama ya Mwanzo zinamtaka msimamizi awasilishe orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba V ndani ya miezi minne, kisha hesabu ya alivyogawa kwa Fomu Namba VI. Andikeni tarehe hiyo ya miezi minne kwenye kaunta buku. Ikifika, mjane aende masijala ya mahakama aombe kuona Fomu V. Shamba lililokosekana humo linaonekana siku hiyo. Shamba la majina mawili lililoandikwa kana kwamba lote ni la marehemu nalo linaonekana siku hiyo. Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Msimamizi anayetapanya anaweza kuondolewa na mahakama iliyomteua; haihitaji kesi mpya ya ardhi.

Milango miwili isichanganywe

Kosa linalowarudisha wajane wengi nyumbani mikono mitupu ni kugonga mlango usio wake. Mjane anakwenda Baraza la Ardhi kudai shamba la marehemu mumewe, anahangaika mwaka mzima, kisha anaambiwa hana uwezo kisheria wa kudai kwa sababu yeye si msimamizi wa mirathi. Mali ya marehemu hudaiwa na msimamizi. Kwa hiyo mirathi kwanza, ardhi baadaye. Isipokuwa jina lake mwenyewe liko kwenye hati. Hapo anadai chake moja kwa moja, na hii ni faida nyingine ya asubuhi ile ya uhakiki.

Mgogoro wa mpaka au uvamizi una njia yake. Baraza la Ardhi la Kijiji linapatanisha, halihukumu. Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, nalo limebaki na upatanishi tu, na lina siku 30. Zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo ndilo linaloamua. Rufaa yake huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Mahali pengine Mabaraza ya Kata bado yanatoa "hukumu" kama zamani. Karatasi hiyo haina nguvu ya kumhamisha mtu, na mjane aambiwe hivyo kabla hajafungasha. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Mwanamke aliyeambiwa "subiri watoto wakue" anaweza kusubiri mpaka haki ikaisha muda.

Talaka ni mlango wa tatu, na nitaugusa tu. Tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani imekubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa kwenye ndoa. Ni kiasi gani hutegemea ushahidi, hivyo risiti za mbegu na za fundi wa bati zitunzwe.

Kinachovunja vikundi

Posho ndiyo ya kwanza. Kikundi kilichozoeshwa kulipwa kwa kuhudhuria mafunzo hakitakwenda kikao cha ukoo ambacho hakina posho.

Hati kuwa dhamana ya mkopo ni hatari ambayo haisemwi vya kutosha. Hati ya kimila inaweza kuwekwa rehani, na mwanamke aliyeipigania miaka mitano anaweza kuipoteza kwa mkopo wa msimu mmoja wa mvua mbaya. Kikundi kiwe na kanuni: hakuna mwanachama atakayeweka dhamana hati ya shamba la chakula, na mume akitaka kuiweka hati yenye majina mawili, mke asome mkataba akiwa na mwenzake wa kikundi.

Haraka pia huumiza. Mwanamke anayepigwa nyumbani akishinikizwa kudai jina lake liandikwe kesho, anaweza kulipia usiku huohuo. Kwake linaanza suala la usalama: dawati la jinsia la polisi, ndugu anayeaminika, mahali pa kulala. Yeye ndiye anayepanga lini, na kaunta buku isiandike habari zake.

Na kuna ulegevu wa baada ya ushindi. Hati ikitoka, nakala nyingine hubaki kwenye daftari la masijala ya ardhi ya kijiji, na daftari hilo ndilo linalorekebishwa shamba likiuzwa, likigawanywa au likirithiwa. Kila mwanachama mwenye hati aombe mara moja kwa mwaka kufunguliwa ukurasa wake, alinganishe jina, namba ya kipande na mchoro wa mpaka na nakala aliyonayo nyumbani. Kazi hiyo haifiki nusu saa. Waende wawili wawili.